Duka Lilikuwa Karibu

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mtoto wa dada yangu soko la Sabasaba kumtafutia jaketi. Mwezi ujao anaondoka kwenda Saskatoon, Kanada, kusoma. Muuza mitumba akamvalisha jaketi moja la kijani, zito, lenye manyoya kwenye kofia, linafika magotini. Jua la saa saba mchana, vumbi la Julai linatimka, na kijana wetu kasimama katikati ya mafungu ya nguo, jasho linamchuruzika kama kamwagiwa maji. Watu wakaacha kuchagua nguo wakawa wanamtazama yeye. Mama mmoja muuza nyanya akauliza kama anahamia ndani ya friji. Bei ilianzia shilingi 60,000 ikaishia 35,000, maana muuzaji mwenyewe alijua fika kwamba Dodoma nzima mteja wa jaketi lile ni huyu mmoja, na akiondoka ameondoka.

Nililikagua. Zipu ina mfuniko wa kukinga upepo, mikono ina lastiki kwa ndani, sawa. Nikamwambia hili litakufikisha mwezi wa kumi na moja, la Januari utanunua hukohuko. Akacheka.

"Mama mdogo, mimi nimesoma Njombe miaka minne. Juni asubuhi tunakuta majani yamekuwa meupe. Baridi naijua."

Kweli anaijua. Hata mimi nilipoondoka hapa nilijua baridi; Mgogo wa Nkuhungu anayelalia blanketi mbili kila Julai, nilijiona nimeshaiva. Ninachotaka akijue huyu kijana kinahusu zaidi umbali, na habari ya umbali haisimuliki sokoni katikati ya kelele za "mia tano, mia tano". Ndiyo maana naandika.

Niliishi Buffalo, jimbo la New York, kuanzia Agosti 2021 hadi katikati ya 2023. Ukitaja New York watu wa hapa wanaona magorofa na taa. Buffalo iko mbali na huko, safari ya siku nzima kwa basi, kwenye ncha ya mashariki ya Ziwa Erie. Ziwa hilo ndilo lenye mambo. Lina urefu wa karibu kilomita 390, na maji yake hutunza joto la kiangazi mpaka Desemba. Upepo wa baridi ukija kutoka upande wa magharibi hulipita kwa urefu wake wote, unafyonza mvuke njia nzima, na ukigusa tu nchi kavu unautua mzigo wote kama theluji. Nchi kavu ya kwanza kuguswa ni Buffalo na vitongoji vyake. Tena huutua kwa ubaguzi, kama mvua ya hapa kwetu inavyonyesha Kikuyu huku Nzuguni wanafagia vumbi. Novemba 2022 kitongoji cha Orchard Park, kusini kidogo ya mji, kilipata theluji ya mita 2 kwa siku chache, na wa upande wa kaskazini wakawa wanaisikia kwenye redio.

Chumba changu kilikuwa upande wa magharibi wa mji, jirani na Grant Street, mtaa wenye Wakongo, Waburundi, Wasomali, Waburma. Kiswahili unakisikia kwenye duka la mchele. Nyumba ya pili kutoka kwangu aliishi mama mmoja wa Uvira, miaka zaidi ya kumi pale, na watoto na wajukuu. Kiswahili chake cha Kongo kilinichekesha mwanzoni, kile cha "inje" na "mwana yangu". Baadaye niliacha kucheka.

Msimu wa kwanza wa baridi ulikuwa wa kero tupu, na kero hizo hazimo kwenye picha ambazo watu wanatutumia. Desemba jua linazama saa kumi na dakika arobaini jioni. Unaingia darasani mchana, unatoka usiku, na bado hujala hata chakula cha jioni. Hewa ya hita ni kavu kuliko Septemba ya Dodoma. Unaamka pua ina damu, midomo imepasuka, ngozi ya pembeni ya kucha imechanika. Ukigusa kitasa unapigwa shoti. Ukitoka nje nywele za puani zinaganda, unazisikia zikikwaruzana kila ukivuta pumzi. Mafuta ya nazi niliyobeba kutoka nyumbani yaliganda mwezi wa tisa, nikayachokonoa kwa mpini wa kijiko mpaka Juni. Na theluji yenyewe nyeupe hukaa siku moja. Baada ya hapo ni uji wa ulezi uliomwagika mji mzima, umechanganyika na oili ya magari na mavi ya mbwa, unaganda usiku, unayeyuka mchana, wiki tatu. Wanaumwagia chumvi. Chumvi ile ikapanda kwenye viatu vyangu vya ngozi nilivyoshonesha hapa mjini, ikavichorea mistari myeupe kama ramani, kufika Februari soli imeachia.

Theluji haikuwahi kuniangusha. Niliangushwa na barafu ile nyembamba isiyo na rangi, inayolala juu ya lami ukaiona lami. Hutokea maji yaliyoyeyuka mchana yanapoganda tena jua likizama. Ilikuwa jioni ya Januari, nateremka ngazi tatu za barazani mikono iko mfukoni, nikajikuta nimekaa chini natazama mbingu. Kifundo cha mkono kikavimba, wiki mbili naandika kwa mkono wa kushoto. Mama wa Uvira ndiye aliyenifundisha kutembea: hatua fupi, miguu imepanuka, mwili umeinama mbele kidogo, mikono nje ya mifuko ili ikudake. Yaani bata. Akaniambia pia nisiiamini sana chumvi. Baridi ikizidi, kuanzia kama nyuzi 10 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inakuwa mchanga tu, haiyeyushi kitu.

Kwa hiyo msimu wa pili ulipoanza nilikuwa natembea kama bata hodari, nina mabuti, nina kofia ya sufu, nawacheka wageni waliofika Agosti.

Wiki ya Krismasi 2022 redio na simu zilipiga kelele tangu mapema. Nilizisikia. Nilichosikia ni neno "theluji", na theluji nilikuwa nimeizoea. Ijumaa, Desemba 23, niliamka mvua inanyesha, mvua ya kawaida kabisa. Ndani ya saa chache joto likaporomoka, maji ya barabarani yakawa kioo, upepo ukaanza. Saa tatu na nusu asubuhi marufuku ya kuendesha gari ikaanza kutumika. Sina gari, nikaona hainihusu.

Nilikuwa nimeishiwa unga na maziwa. Duka lilikuwa karibu, kama kutoka Nyerere Square mpaka Jamatini, mwendo ambao hapa mtu anaumaliza bado anatafuta chenji mfukoni. Kila upepo ulipotulia kidogo nililiona bango lake jekundu kutoka dirishani. Saa nne nikavaa jaketi, kofia, suruali ya jinzi na glovu moja. Ya pili sikuiona, na sikutaka kupoteza muda kuitafuta, maana nilikuwa naenda na kurudi.

Hatua hamsini za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha upepo ukaja kutoka ziwani na dunia ikafutika.

Hapa tunazo chamchela. Inakuja inazunguka na vumbi na mifuko ya plastiki, unafumba macho, unahesabu mpaka ishirini, unafumbua, imeshafika kwa jirani. Nikafanya vivyo hivyo, nikafumba macho nikahesabu. Nilipofumbua ilikuwa palepale. Upepo wa siku ile ulipita kilomita 110 kwa saa, na theluji haikuwa inaanguka kutoka juu, ilikuwa inakimbia kwa ulalo, inaingia puani na mdomoni kama unga kwenye mashine ya kusaga. Nilinyoosha mkono, glovu yangu ni nyeusi, na sikuiona. Nikaamua kurudi, nikageuka. Kugeuka ndiko kulikoniponza, maana baada ya hapo sikujua kama nimegeuka nusu au robo, na nyayo zangu zilishafukiwa.

Nikatembea. Mguu ukazama mpaka pajani. Wazee wetu wanasema jina la mji huu limetokana na neno la Kigogo, idodomya, imezama: tembo alikuja kunywa maji akadidimia kwenye tope, watu wakamkuta hapo. Hadithi ile tulifundishwa shuleni tukaichora na penseli za rangi. Siku hiyo nilimwelewa tembo. Nilivuta mguu, buti likabaki chini. Nikapiga magoti nikalichimbua, na mkono nilioutumia ni ule usio na glovu, kwa sababu wenye glovu ulikuwa umeshika kofia isipeperuke.

Jinzi ilishaloa na sasa ilikuwa inaganda, inagonga magotini kama bati. Pamba ikiloa haina msaada wowote kwenye baridi, afadhali ungevaa gunia. Nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana. Lakini jambo linalonitisha hadi leo ni kwamba wakati ule sikuogopa. Nilichoka tu. Nikawaza nikae kidogo mahali, upepo upite, ndiyo niendelee. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 akili huanza kupotea taratibu, kutetemeka kunaweza kukoma kabisa, na wapo wanaosikia joto la uongo wakavua nguo. Ukimwambia mtu wa hapa kwamba watu hukutwa wamekufa kwa baridi wakiwa wamevua nguo, anadhani ni habari ya kurogwa.

Mkono ukagusa waya wa uzio. Nikaushika sikuuachia, nikaufuata mpaka ulipoishia, nikapapasa ngazi, nikapanda kwa magoti, nikagonga mlango wowote ule. Akafungua mama wa Uvira.

"Mwana yangu, nani alikutuma inje?"

Saa ya ukutani kwake ilionyesha kwamba tangu nifunge mlango wangu zimepita dakika 25. Dukani sikufika. Nyumba yangu ilikuwa ya pili kutoka pale. Kwa dakika zote hizo, kwenda, kugeuka na kuzunguka, sidhani kama niliwahi kuwa mbali na kitanda changu zaidi ya mita 60.

Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete, vilikuwa vyeupe kama mshumaa, vigumu, nikivigonga mezani vinalia na sisikii kitu. Kijana mmoja wa nyumba ile akataka kuvisugua, mama akampiga kofi la mkono. Akakataa pia nisivisogeze kwenye jiko. Ngozi iliyoganda ina chembe za barafu ndani yake. Ukiisugua unaichana, na ukiipeleka kwenye moto inaungua bila wewe kujua, kwa kuwa haina hisia. Akachemsha maji, akayapoza, akachovya kiwiko kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto mchanga, ndipo akanitumbukiza vidole, akawa anaongeza ya moto kidogokidogo. Dakika kumi hivi hakuna kitu. Kisha maumivu yakaja, ya kidole kilichobanwa na mlango wa gari, ila mlango haufunguliwi. Mtu mzima wa miaka 29 nililia nikimwita mama yangu aliyeko Nkuhungu, ambaye saa zile, wao wakiwa mbele kwa saa nane, jioni ilikuwa imeshamfikia. Kesho yake yalitoka malengelenge. Wiki iliyofuata ngozi ikawa nyeusi, ikabanduka. Vidole vyenyewe vilibaki.

Jioni hiyo umeme ukakatika, na hapo nikajifunza kitu ambacho mwenye nyumba hakuwahi kuniambia: hita za nyumba zile zinatumia gesi, lakini feni inayosukuma hewa ya moto inatumia umeme. Gesi ipo, joto hakuna. Tulikuwa watu tisa. Mama akatuhamishia wote jikoni, akatundika blanketi mlangoni, akaziba nyufa za dirisha kwa tepu na kuacha mwanya mmoja, akafungua bomba la maji lidondoke tone tone ili maji yasigande na kupasua mabomba. Chakula hakikuwa shida. Kulikuwa na sembe, maharage na samaki wakavu, na plati ya gesi unaiwasha kwa kiberiti. Ila ni kwa kupikia tu. Aliyekutwa anaota moto wa oveni alizimiwa mbele ya macho yake.

Jioni ya pili palitokea ugomvi. Shemeji yake, aliyefika Buffalo miezi mitano tu kabla kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, alikumbuka kwamba barazani kuna jiko la kuchomea nyama na nusu mfuko wa mkaa. Akaanza kulivuta ndani. Mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Nimekulia kwenye mkaa. Kwangu harufu ya mkaa ndiyo harufu ya joto. Mama wa Uvira akasimama mlangoni, hapiti mtu. Shemeji akasema Nyarugusu tulilala na jiko miaka na miaka, nani alikufa? Mama akamjibu kwamba Nyarugusu nyumba zilikuwa na matundu ya kupitisha paka, na hii ya hapa ameziba yeye mwenyewe kila tundu kwa mkono wake. Mkaa unapowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta husikia kichwa kinauma na usingizi unamjia, na kwenye nyumba yenye watu tisa waliochoka, nani atashangaa mtu akisinzia? Jiko likarudi barazani. Shemeji hakuongea naye mpaka mchana wa Krismasi.

Mtoto wa kiume wa mama huyo naye alitaka kwenda kukaa ndani ya gari achaji simu. Gari lilikuwa mita sita kutoka mlangoni, limekuwa kichuguu. Mama alimkatalia mpaka upepo ulipopungua, kisha akamruhusu kwa masharti: kamba ya kuanikia nguo kiunoni, ncha yake imefungwa kwenye nguzo ya baraza, achimbue kwanza bomba la moshi mpaka alione lote, maana bomba likizibwa na theluji moshi unarudi ndani na hewa ni ileile ya mkaa, injini dakika kumi kisha izimwe, kioo kiachwe wazi kidogo. Kamba kwa ajili ya mita sita. Nilitaka kucheka, nikatazama vidole vyangu.

Nje hakukuwa na msaada wa kuita. Magari ya zimamoto yalikwama, ambulensi zilikwama, yaliyotumwa kuyakwamua nayo yakakwama. Simu ya dharura ilipokewa, lakini wa kukufikia hakuwepo. Marekani ya kwenye sinema, yenye helikopta kwa kila jambo, ilikaa kimya siku mbili, na mtaa mzima ukabaki na ulichokuwa nacho kabatini na uliyekuwa naye chumbani.

Dhoruba ilivuma zaidi ya siku moja na nusu bila kupumzika. Kwenye uwanja wa ndege walipima theluji ya karibu sentimita 132, na uwanja haukufunguliwa hadi Desemba 28. Waliokufa Buffalo na maeneo yake walikuwa zaidi ya 40. Sababu zilipoanza kutangazwa nilizisoma kama mtu anayetafuta namba yake kwenye matokeo ya mtihani. Waliokutwa nje. Waliokutwa ndani ya magari yaliyokwama. Waliokufa ndani ya nyumba zisizo na joto. Walioita ambulensi isiyofika. Na wale ambao moyo ulisimama wakichota theluji kwa beleshi, jambo ambalo mwanzoni sikulielewa, mpaka nilipochota mwenyewe: theluji iliyoloa ni nzito sana, baridi inabana mishipa ya damu, na mwenye beleshi mara nyingi ni mzee aliyekaa kwenye kochi tangu Oktoba.

Wazee wa pale hupima kila kitu kwa dhoruba ya Januari 1977, ambapo theluji iliyokuwa imelala juu ya ziwa lililoganda ilipeperushwa yote mjini, na watu wakafia ndani ya magari yao. Ni miaka 45 kati ya hiyo na ya kwetu, na bado watu walifia ndani ya magari. Sijui mji unaoijua theluji kuliko Buffalo. Wana mashine, wana chumvi mlima mzima, wana redio inayosema tangu siku tatu kabla. Nadhani kilichowaponza wale watu ni kilekile kilichoniponza mimi: kila mmoja alikuwa anakwenda mahali anapopajua. Kazini, kwa dada, dukani. Anayefunga safari ya kilomita mia tatu huangalia hali ya hewa, hubeba blanketi na maji. Anayekwenda dukani habebi kitu.

Tuna korongo hapa kwetu, tunalijua. Mwaka mzima ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira humo, wanawake wanachimba visima vya maji. Siku moja Februari mvua inapiga huko juu vilimani, hapa jua linawaka, na maji yanashuka yanavuma na magogo ndani yake. Mgeni huliogopa korongo, husimama akauliza. Anayesombwa mara nyingi ni mwenyeji, anayevuka hapo kila siku kutoka shamba, na ng'ambo ya pili anaona bati la nyumba yake linang'aa. Bibi yangu wa Mvumi alikuwa anakaa upande huu wa korongo mpaka usiku, na jembe lake, na njaa yake, akitazama moshi wa jiko lake mwenyewe. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni mwoga.

Haya yote nilimsimulia mtoto wa dada jioni ileile ya Sabasaba, jaketi likiwa limetundikwa mlangoni. Alinisikiliza, kisha akauliza swali la maana: "Kwa hiyo nisiwe natoka?" Utatoka. Saskatoon haina ziwa kubwa la kuifanyia vituko. Kule baridi ni kavu, jua linaweza kuwaka mbingu buluu kabisa, na kipimo kikasoma nyuzi 30 chini ya sifuri, na watu wakaenda shule. Magari huchomekwa umeme usiku kama simu ili injini iweze kuwaka asubuhi. Ila kwenye baridi hiyo upepo kidogo tu unaigandisha ngozi ya shavu kwa dakika chache. Nikamwambia ashone glovu zake kwa uzi mrefu upitie ndani ya mikono ya jaketi, kama za watoto wa chekechea, asione aibu. Jinzi abaki nayo ya darasani. Simu ijae chaji kabla ya kufungua mlango, maana betri hufa haraka kwenye baridi, na mtu mmoja ajue anaelekea wapi, hata kama ni ng'ambo ya barabara. Gari likikwama, akae ndani ya gari; theluji huwakuta wengi walioliacha gari wakifuata taa waliyoiona mbele. Na akiona anasikia usingizi nje, asikae chini, hata kidogo, hata kama kuna ukuta mzuri.

Alikuwa anaandika kwenye simu. Labda alikuwa anachati.

Usiku upepo ukaanza, ule wa Julai unaopiga mabati mpaka alfajiri. Vidole vyangu viwili huujua kabla yangu; vinaanza kuchonyota saa moja jioni, hata kama nimevaa sweta. Mama alimaliza kusonga ugali wa uwele, tukala na mlenda, na tulipokuwa tunanawa nikamwona anasukuma jiko la mkaa kuelekea chumbani kwake, makaa mekundu, kama anavyofanya kila Julai tangu nipate akili.

"Mama, hilo libaki uani."

"Nimelala nalo sijakuzaa wewe."

"Ulilala nalo kwenye tembe, mama. Tembe ina mianya kila mahali. Chumba hiki nimekuwekea madirisha ya aluminiamu."

"Nani alikwambia uweke?"

Mjukuu akasema basi bibi afungue dirisha. Bibi akamtazama. "Nifungue dirisha huku naota moto. Hiyo ndiyo akili mnayokwenda kuongezewa Kanada?"

Nikachemsha maji, nikajaza chupa mbili, nikazizungushia kitenge, moja ya miguuni, moja ya tumboni. Jiko nikalibeba mwenyewe mpaka uani. Mama akazipokea chupa bila kunitazama, akajifunika mpaka kichwani. Upepo ukayakuta makaa yale uani ukayachochea, yakawaka vizuri kuliko yalivyowaka jioni nzima, yakawa yanalialia na kurusha cheche, na yeye chini ya blanketi akawa anayasikia kupitia dirishani na kunitajia bei ya mkaa, kopo kwa kopo.